Makisio ya Unene ni Onyo, si Hukumu

Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walitoa hesabu iliyowashtua wengi. Walisema kwamba, iwapo mwendo wa miaka iliyotangulia utaendelea vile vile, basi ifikapo mwaka 2030 asilimia 86 ya watu wazima wa nchi hiyo watakuwa na uzito uliozidi kiasi, na zaidi ya nusu ya watu wazima wote, yaani asilimia 51, watakuwa wamefikia unene uliokithiri. Wakaiendeleza hesabu yao hadi mwaka 2048, ambapo, kwa mwendo huo huo, asingebaki Mmarekani mtu mzima hata mmoja asiyezidi uzito.

Ndugu msomaji aweza kuuliza: Watu hawa wamejuaje yatakayotokea miaka arobaini mbele, hali elimu ya ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke Yake? Swali hili ni la haki, na jibu lake lina faida kubwa kwetu.

Ukweli ni kwamba watafiti hao hawakudai kujua ghaibu. Walichokifanya ni kutazama nyuma. Nchini Marekani, tangu miaka ya 1960, watu huchaguliwa kutoka sehemu mbalimbali za nchi, wakapimwa uzito na urefu. Kilo za mtu hugawanywa kwa mita za kimo chake mara mbili. Jawabu likifika 25, mtu huyo huhesabiwa kuwa amezidi uzito, na likifika 30, huhesabiwa kuwa na unene uliokithiri. Kwa mfano, mwenye kimo cha mita 1.70 huingia katika daraja hili la pili akifikisha takriban kilo 87. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 waliokuwa katika daraja hilo walikuwa kiasi cha asilimia 13 ya watu wazima. Mwaka 1999 na 2000 walikuwa wamefika asilimia 30. Mtafiti huziweka nambari hizo katika mstari, kisha akaurefusha mstari huo kuelekea miaka isiyofika bado.

Hivyo basi, makisio yote ya namna hii yamesimama juu ya neno moja, nalo ni "ikiwa". Ikiwa watu wataendelea kula na kukaa kama walivyozoea, matokeo yatakuwa haya. Mwenye kulisahau neno hilo huigeuza hesabu kuwa ramli.

Tuangalie yaliyofuata. Mwaka 2012 watafiti wengine wa nchi hiyo hiyo walirudia kazi hii kwa njia nyingine. Hawakuurefusha mstari tu, bali walitia ndani mambo yanayogusa ulaji na mwendo wa watu, kama vile bei ya petroli, bei ya vyakula na wingi wa migahawa. Wao walikisia kwamba mwaka 2030 wenye unene uliokithiri watakuwa asilimia 42. Watu wakaona afadhali, kwani nambari hii ilikuwa ndogo kuliko ile ya kwanza. Lakini vipimo vya mwaka 2017 na 2018 vilionyesha kwamba asilimia 42 imekwisha kufikiwa, miaka 12 kabla ya muda uliokisiwa! Mwaka 2019 yakatoka makisio ya tatu, yakisema kwamba karibu nusu ya watu wazima watakuwa katika hali hiyo ifikapo 2030. Watafiti wa safari hii walisahihisha pia kosa moja la kibinadamu: mtu anapoulizwa kwa simu, mara nyingi hujipunguzia kilo na kujiongezea kimo.

Kisha likaja jambo la kutia moyo kidogo. Vipimo vya kati ya Agosti 2021 na Agosti 2023 vilitoa asilimia 40. Wataalamu walitahadharisha kwamba tofauti hiyo ni ndogo mno kuitwa upungufu wa hakika, na kwamba wenye unene mkubwa zaidi ya wote wameongezeka katika miaka kumi iliyotangulia. Hata hivyo ni dhahiri kuwa mstari haukupanda moja kwa moja kama ulivyochorwa. Makisio moja yalipungua, mengine yalizidi. Basi faida yake ni nini?

Faida yake ni ile ya mtu anayemwambia mwenzake, "Njia hii unayoifuata inaelekea shimoni." Hakumwambia kwamba ni lazima atumbukie. Serikali inayoyasoma makisio haya yaweza kujua mapema ni wagonjwa wangapi wa kisukari na wa shinikizo la damu watakaohitaji dawa, waganga na vitanda. Na jamaa inayoyasoma yaweza kugeuza njia kabla ya kufika huko.

Nasi tusidhani kwamba habari hii ni ya Wamarekani peke yao. Hapa Tanzania, uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2004-05 uliwakuta wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 waliozidi uzito, pamoja na wenye unene uliokithiri, kuwa asilimia 18. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 22. Mwaka 2015-16 wakawa asilimia 28. Ni ongezeko la kumi katika kila mia kwa miaka 11. Tukiurefusha mstari huu kwa rula, ifikapo mwaka 2037 au 2038 tutakaribia nusu ya mama zetu, wake zetu na mabinti zetu. Hesabu hii mtoto wa shule aweza kuifanya, nayo pia imesimama juu ya "ikiwa".

Hatusemi haya ili mtu yeyote achekwe kwa mwili wake. Kumdhihaki mnene ni dhambi juu ya maradhi, wala hakumpunguzii hata ratili moja. Bali tujihoji sote. Kwa nini mtu akinenepa tunampongeza kuwa amenawiri, na akikonda kidogo tunamuuliza ana tatizo gani? Kwa nini heshima ya mgeni ipimwe kwa idadi ya soda na wingi wa sukari ndani ya chai? Kwa nini mwezi wa Ramadhani, uliowekwa kutufundisha kujizuia, uwe ndio mwezi wa kununua mafuta na sukari kuliko miezi yote? Na je, umbali wa kutoka nyumbani hadi msikitini kweli wahitaji pikipiki?

Majibu ya maswali haya hayamo katika vitabu vya watafiti. Yamo majumbani mwetu, katika sufuria na sahani zetu, na katika miguu tuliyopewa tutembelee. Mwili ni amana, na mwenye amana huulizwa. Makisio ya miaka ijayo yameachwa wazi ili sisi wenyewe tuyakanushe kwa matendo. Mwenyezi Mungu atujaalie kiasi katika kula kwetu na afya njema katika umri wetu. Amin.