Barakoa inayovuja hukausha macho ya wahudumu wetu wa afya

Manesi wengi humaliza zamu macho yakiwasha na kuwa mekundu, kana kwamba yameingia mchanga. Madaktari wa macho walianza kulizungumzia sana tatizo hili mwaka 2020, wakati wa korona, wakaliita ukavu wa macho unaotokana na barakoa. Korona imepoa, lakini barakoa haijaondoka kwenye vituo vyetu vya afya. Kifua kikuu kipo. Mpox ilitangazwa dharura ya kimataifa Agosti 2024, na Uganda ikatangaza mlipuko wa Ebola mwishoni mwa Januari 2025.

Chanzo ni pumzi. Barakoa isipobana juu ya pua, hewa tunayotoa hupanda na kupuliza macho, ikikausha machozi yanayolilainisha jicho. Wavaa miwani hulijua jambo hili mapema, vioo vikishika ukungu.

Wengi huona hili ni usumbufu mdogo wa kuvumiliwa. Si hivyo. Pale hewa inapotokea, ndipo hewa ya chumbani, pamoja na kikohozi cha mgonjwa, inapoweza kuingilia. Macho yanayokauka yanamwambia mhudumu kwamba barakoa yake haimkingi sawasawa. Dawa si kuivua, ni kuibanisha: waya wa juu uminywe kwa vidole vya mikono yote miwili hadi ulale kwenye pua. Plasta ya hospitali juu ya ukingo husaidia, mradi isivute kope la chini.

Barakoa za vitambaa mara nyingi hazina waya huo, na N95 nazo hazimkai kila mtu. Tangu misaada ipunguzwe mwaka 2025, vituo vingi hupokea kinachopatikana. Hata hivyo, anayeagiza vifaa angeanza kuangalia waya na saizi kabla ya bei.

Kuna hatari mbili zaidi. Macho yanayowasha humvuta mtu ayafikiche, na mkono uliomgusa mgonjwa hupeleka vijidudu moja kwa moja machoni. Ya pili ni maneno ya mtaani. Macho mekundu ni mojawapo ya dalili za Ebola, na uvumi kuhusu nesi mmoja unaweza kuwafanya wakimbizi na wenyeji wakimbie kituo wanachokitegemea wote. Ukavu hauleti homa. Mhudumu mwenye homa aripoti na apimwe, lakini macho mekundu peke yake baada ya zamu ndefu hayatoshi kumnyoshea kidole.

Machozi bandia ya dukani hutuliza ukavu. Tuogope matone yenye steroidi yanayouzwa bila cheti cha daktari: yakitumiwa muda mrefu hupandisha presha ya jicho na yanaweza kupofusha. Majani ya kukamua nayo tusiyatie. Jicho likiuma sana, likitoa usaha, likishindwa kuvumilia mwanga au kuona kukififia, mhudumu amwone mtaalamu wa macho siku hiyo hiyo.