Nyaya ndizo zinazoua darubini za shule zetu

KUNA ugonjwa umezoeleka mashuleni kwetu. Kifaa kikikataa kufanya kazi siku mbili mfululizo kinafungwa kitambaa, kinaandikwa "kibovu" kwa chaki, kinapelekwa stoo kusubiri mhisani mwingine alete kingine. Nimeona hivyo kwa mizani ya maabara, nimeona kwa kompyuta, na sasa nimeona kwa darubini.

Naomba nieleweke. Sisemi kwamba shule za hapa Burundi zimejaa darubini. Ni chache mno. Lakini hiyo moja ninayoifahamu, iliyoachwa na mhisani pamoja na kamera ya kupigia picha nyota, niliikuta stoo nilipohamia shule ninayofundisha sasa. Kioo kizima, mota nzima. Kilichokufa ni tundu la kamera la kuchomekea waya, ambalo lilikuwa limelegea na kung'oka kwa sababu waya uliachwa ukining'inia miezi kadhaa bila kufungwa popote. Fundi simu wa sokoni alilirudishia kwa risasi katika muda wa nusu saa, kwa bei isiyofika kilo mbili za mchele. Kifaa cha thamani kubwa kuliko mshahara wangu wa mwaka kilikuwa kimezikwa kwa ajili ya hilo tu.

Msomaji atauliza, waya na nyota vinahusiana nini? Kupiga picha ya nyota si sawa na kupiga picha ya harusi. Mwanga wake ni hafifu, hivyo kamera huachwa wazi dakika 3 hadi 5 kwa picha moja, kisha picha nyingi za aina hiyo hulundikwa na kompyuta kuwa moja. Wakati huo dunia haisimami kutusubiri. Inazunguka nyuzi 15 kwa saa, maana yake anga linasogea upana mzima wa mwezi mpevu kila dakika 2. Darubini lazima ilifuate polepole ikisukumwa na mota, na baada ya saa 6 itakuwa imegeuka nyuzi 90.

Sasa hesabu nyaya zilizochomekwa kwenye bomba hilo linalogeuka. Kuna umeme wa kamera, waya wa kupeleka picha kwenye kompyuta, waya wa kamera ndogo inayoongoza, wa mota ya kulenga, na wa mkanda wa kupasha joto kioo kisishike umande. Ongeza na zile za mota za kitako. Zote zikining'inia kutoka juu hadi mezani, umesuka utando wa buibui. Waya mmoja ukinasa kwenye skrubu saa nane za usiku, unalivuta bomba kwa nguvu ndogo ambayo mkono hauisikii, lakini picha inaionyesha: pale palipotakiwa kuwa na nukta, unapata kistari. Ukinasa zaidi ya hapo, tundu linang'oka, na kitambaa kinatafutwa tena.

Dawa yake, kwa maoni yangu, wachuuzi wa mpakani wanaijua kuliko maprofesa. Mtu anayeshuka kutoka Manyovu kuja Mugina na baiskeli iliyobeba magunia hafungi mzigo ovyo. Anafunga kwa raba za tyubu, na anafunga pale pasipocheza. Pale panapogeuka, kwenye usukani na kwenye pedali, anaacha nafasi.

Mwanafunzi wangu wa darasa la tisa, ambaye mama yake ni mchuuzi wa dagaa, ndiye aliyeipanga darubini yetu kwa ujuzi huo huo. Alitupa vile vikanda vya plastiki vinavyofungwa mara moja na kukatwa kwa kisu, akachana tyubu kuukuu kuwa kamba nyembamba. Kila waya aliufunga kwanza kwenye bomba, shubiri moja kutoka kwenye tundu lake, ili uzito wa waya ubebwe na bomba na tundu libaki na kazi yake ya kupitisha umeme. Kisha zote akazielekeza kwenye visanduku viwili vya kugawia, kimoja cha umeme na kingine cha USB, alivyovifunga juu ya bomba lenyewe. Kutoka hapo nyaya zilizoshuka chini zilikuwa mbili tu. Alizipitisha karibu na mhimili, mahali ambapo mwendo ni mdogo, akaziachia kitanzi cha kutosha, ndipo akazifunga kwenye mguu wa stendi. Baadaye, mchana kweupe, umeme ukiwa umezimwa, alilizungusha bomba kwa mkono kila upande linakoweza kwenda huku akiangalia ni wapi waya unakaza. Hakuna kitabu alichosoma.

Na vitabu vyenyewe tuvisome kwa tahadhari. Vingi vimeandikwa na watu wanaoishi nyuzi 40 au 50 kaskazini ya ikweta. Kwao mhimili wa darubini unainuliwa juu kuelekea ncha ya anga. Sisi tuko kiasi cha nyuzi 3 kusini, kwa hiyo mhimili wetu unalala karibu sawa na ardhi, ukitazama upeo wa kusini. Chuma cha kusawazishia uzito kinapita jirani kabisa na miguu ya stendi, na waya ulioshushwa kwa njia iliyochorwa kitabuni unaweza kubanwa hapo hapo. Mchoro wa kwetu itabidi tuuchore wenyewe.

Wako wanaodhani haya ni mambo ya shule maskini. La hasha. Mwaka 2011 wanasayansi wa jaribio la OPERA walitangaza kwamba chembe zilizorushwa kutoka CERN, karibu na Geneva, hadi Gran Sasso nchini Italia, umbali wa kilomita 730 hivi, zimekwenda kasi kuliko mwanga. Dunia ikashikwa na butwaa. Mwaka 2012 ikabainika kwamba miongoni mwa sababu ni waya mmoja wa nyuzi za kioo ambao haukukazwa vizuri kwenye tundu lake.

Nigeukie upande wa biashara, maana ndipo ninapoudhika zaidi. Betri yetu ni ya volti 12. Kamera yenye kupoozwa inaweza kunywa ampea 4. Ukiiunganisha kwa waya wa mita 5 wenye unene wa milimita za mraba 0.5, kwenda na kurudi ni mita 10, na njiani zinapotea volti 1.4 hivi. Kamera inapokea 10.6 na inaweza kuzima katikati ya picha. Ukitumia wa milimita 1.5, unapoteza chini ya nusu volti. Hiyo ni hesabu ya shaba halisi. Waya unaouzwa kwa jina la shaba mara nyingi ni alumini iliyopakwa ngozi ya shaba, na alumini hupitisha umeme vibaya zaidi. Chukua wembe, kwangua uzi mmoja. Ukiona weupe chini ya wekundu, umeuziwa alumini. Ukiona wekundu chini ya weupe, hiyo ni shaba iliyopakwa bati, nunua bila wasiwasi.

Ndugu zangu wa Kobero na Mugina, waya huo huo ndio unaokwenda kwenye paneli ya jua ya zahanati, na kwenye kibanda chako mwenyewe. Usiseme umewauzia walimu tu.

Najua jibu la wengine: nyota hazishibishi. Sisi tuliorudi mwaka 2008 kutoka makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo tumeambiwa mengi ya namna hiyo. Mimi nilisoma kwa Kiswahili kule, na hapa nimewaona watoto wa waliorudi wakikaa kimya darasani miaka miwili kwa sababu Kifaransa hakijawaingia. Mbele ya darubini hawakai kimya. Kila waya tumeubandika jina kwenye ncha zote mbili, kwa Kiswahili na Kirundi, na anayejua kusoma lolote kati ya hayo anaweza kuiwasha.

Usiku wa Septemba 7, 2025, mwezi ulipopatwa na kuwa mwekundu kuanzia saa moja na nusu hadi karibu saa tatu, uwanja wa shule ulijaa watoto na wazazi gizani. Betri tuliiweka katikati ya miguu ya stendi, hivyo hapakuwa na waya hata mmoja uliokatiza ardhini wa kumkwaza mtu. Tulipata picha sita nzuri. Zimebandikwa ofisini.

Kiangazi kikianza mwezi Juni, anga letu linakuwa safi na kitovu cha Njia Nyeupe kinapita juu yetu usiku. Kabla ya hapo natafuta mita 6 za waya wa milimita 1.5, shaba tupu, na waya wa USB usiozidi mita 3. Mwenye navyo pale Mugina nitamfuata siku ya soko. Wembe nitakuja nao.