Namba moja Google haiuzwi: Fanya haya mwenyewe kabla hujamlipa mtu

Kama una tovuti ya biashara, bila shaka umeshatumiwa ujumbe huu: "Tutakufikisha namba moja Google ndani ya wiki mbili." Bei ni laki kadhaa, na malipo yanatangulia.

Ukweli ni kwamba hakuna mwenye uwezo huo. Google wenyewe wameandika kwenye mwongozo wao kwamba hakuna anayeweza kukuhakikishia nafasi ya kwanza, na kwamba maboresho kwa kawaida huchukua miezi 4 hadi mwaka kuanza kuonekana. Nafasi inayouzwa ni ya tangazo tu. Ukiacha kulipa, unatoka.

Hatari si pesa peke yake

Wauzaji wengi wa "namba moja" hutumia njia za mkato: kununua linki, au kumwaga mamia ya kurasa zisizo na maana. Machi 2024 Google ilikaza sheria dhidi ya kurasa za kuzalishwa kwa wingi, ziwe zimeandikwa na mtu au na akili mnemba. Tovuti ikikamatwa hushushwa, au huondolewa kabisa kwenye matokeo. Wakati huo aliyekufanyia hapatikani hewani. Anayepoteza wateja ni wewe.

Kazi kubwa unaweza kuifanya mwenyewe, na zana zake ni bure.

1. Fungua Google Search Console. Thibitisha kuwa tovuti ni yako. Utaona kurasa zipi Google inazitambua, watu waliandika maneno gani kabla ya kukuona, na wangapi walibofya.

2. Andika kwa maneno ya mteja. Hakuna anayetafuta "suluhisho bora za samani". Mtu anaandika "bei ya kitanda 5 kwa 6 Dar". Basi kichwa cha ukurasa kiseme hivyo hivyo, na bei iwepo. Wateja wako wakitafuta kwa Kiswahili, andika Kiswahili.

3. Ijaribu kwenye simu. Google inaitazama tovuti kupitia muonekano wake wa simu. Inashauri sehemu kuu ya ukurasa itokee ndani ya sekunde 2.5. Pima kwa PageSpeed Insights. Mara nyingi mchawi ni picha kubwa zinazokula bando la mteja, zipunguze.

4. Jaza Google Business Profile. Hii ni kwa wenye duka, saluni au gereji. Google huangalia umbali, umaarufu wa biashara, na kama inaendana na kinachotafutwa. Umbali huwezi kuubadili, ila saa za kazi, namba ya simu na picha unaziweza. Waombe wateja halisi waandike maoni. Maoni ya kununua ni marufuku.

Lakini mchezo umebadilika

Hata ukiwa juu, kubofywa hakuna uhakika. Mei 2024 Google ilianza Marekani kuweka majibu ya akili mnemba juu ya matokeo, na kufikia Oktoba mwaka huo huduma hiyo ilikuwa imefika zaidi ya nchi 100. Mtu anasoma jibu hapo hapo, anaondoka.

Kwa hiyo makala ya "faida 10 za mbao ngumu" haitakusaidia sana. Jibu hilo liko kila mahali. Weka kile ulichonacho wewe tu: bei ya leo, mzigo uliopo, picha za kazi uliyofanya, maeneo unayopeleka. Hapo mteja ana sababu ya kukufungua.

Ukikwama kwenye mambo ya kiufundi, lipa fundi. Muulize atabadilisha nini na kwa nini. Akaunti ibaki kwa jina lako, yeye umpe ruhusa ya kuingia tu. Kazi ikiisha, unaiondoa.