Umezoea C na unahamia Java? Anza na salio

Wengi wenu mmezoea tukiongea mambo ya PIN, SMS za matapeli na pesa iliyotumwa kwa namba isiyo yenyewe. Leo tuvumilieni kidogo. Tunataka kuongea na wasomaji wetu wanaoandika programu, na pia wewe ambaye duka lako au chama chako kinategemea programu iliyoandikwa na jamaa unayemjua.

Maoni yetu ni haya: mwanaprogramu mzoefu anayehamia lugha ya objekti, kama Java, asianze na sarufi. Aanze na swali moja tu: nani anaruhusiwa kugusa salio?

Tumeona mbona ni muhimu. Kwenye mafunzo ya wafanyabiashara tulikutana na fundi aliyekuwa ameandika C kwa miaka kumi. Chama chao kilimwomba programu ya kuweka hesabu za michango, akaamua kuiandika kwa Java. Kwa wiki mbili tu alikuwa ameshashika lugha, na programu ikafanya kazi. Baadaye wanachama wakakubaliana kwamba kila anayetoa pesa akatwe shilingi 50 za mfuko wa dharura. Fundi akaongeza hiyo sheria, kila mtu akaendelea na shughuli zake.

Miezi miwili baadaye hesabu zikakataa. Watu walikuwa wametoa pesa mara 80, kwa hivyo mfuko ulifaa kuwa na shilingi 4,000. Ulikuwa na 2,500. Unajua macho yaligeukia nani? Mweka hazina, bila shaka. Mama wa watu alikaa wiki nzima akipekua risiti huku wengine wakinong'ona kwa WhatsApp.

Kumbe hakuwa amegusa hata shilingi. Ndani ya programu, salio la mwanachama lilikuwa linabadilishwa mahali saba, na makato yaliwekwa mahali sita. Pa saba, pale pa kutoa pesa kwa simu, pakasahaulika. Mara 30 pesa zilitoka bila makato.

Huyu fundi si mjinga, na Java haikuwa na kosa. Shida ni kwamba aliandika C iliyovaa nguo za Java. Kwa C, amezoea data ikae upande mmoja na hatua za kazi zikae upande mwingine, na hatua yoyote inayofikia data inaweza kuibadilisha. Mtu makini anaweza kuificha data hata kwa C, lakini lugha yenyewe haimsukumi kufanya hivyo. Akaja Java na tabia ile ile, akaweka salio wazi, kila sehemu ya programu ikawa inajihudumia.

Sasa fikiria akaunti yako ya simu. Je, unaweza kuingia ndani uandike salio lako liwe 10,000? Huwezi, hata ungetamani namna gani. Unachofanya ni kuomba: tuma, toa, lipa, angalia salio. Mfumo unakagua PIN, unaangalia kama pesa zinatosha, unakata ada, kisha unakujibu kwa SMS au unakataa. Wewe unaomba, akaunti inaamua. Hiyo ndiyo objekti: data na sheria zake vinakaa pamoja, na mlango ni mmoja.

Wazo hili si la juzi. Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walilijenga kule Oslo, Norway, miaka ya 1960, kupitia lugha ya Simula, walipotaka kompyuta iige mambo ya kawaida kama foleni za watu. Miaka ya 1970 Alan Kay na wenzake wa Xerox wakaliendeleza kwa Smalltalk, ambapo objekti zinatumiana ujumbe. Java ilitoka 1995. Kwa hivyo anayejifunza leo hafuati fasheni.

Kwako fundi, uzoefu wako haujapotea. Kutafuta makosa, kupima kazi na kupanga hatua, hayo yote unahama nayo. Lakini hebu jaribu zoezi dogo kabla ya kugusa pesa za watu. Andika akaunti yenye maombi matatu tu: weka, toa, uliza salio. Funga salio lisiguswe kutoka nje. Kisha ongeza makato ya shilingi 50. Ukijikuta unabadilisha zaidi ya mahali pamoja, simama, bado unaandika lugha ya zamani.

Mtego mwingine ni kurithisha kila kitu, ati kwa sababu lugha inaruhusu. Jipime kwa maneno mawili, "ni" na "ina". Akaunti ya mkopo ni akaunti, kwa hivyo inaweza kurithi. Chama kina akaunti, lakini chama si akaunti.

Wapo watakaosema objekti zinarefusha kazi bure. Kwa programu ya mistari hamsini ya kupanga orodha ya majina, tunakubaliana nao. Lakini mahali kuna pesa za watu na sheria zinazobadilika, urefu huo ni bei ndogo kuliko jina la mweka hazina.

Na wewe mwenye duka au mwanachama, fundi wako akikuambia anahama lugha, usimharakishe. Muulize swali hili: "Makato yakibadilika kesho, utarekebisha mahali pangapi?" Akisema pamoja, tulia. Akianza kuhesabu vidole, mpe wiki nyingine mbili.

Na kama kawaida yetu: fundi wa programu, hata awe ndugu yako, hahitaji PIN yako ili afanye kazi yake. Ibaki yako peke yako.