Mgonjwa Haulizwi Uji? Lugha na Utafiti wa Mafunzo ya Udaktari

Mwanafunzi wa udaktari huelezwa tangu siku zake za kwanza wodini kwamba sehemu kubwa ya utambuzi wa maradhi hutokana na maelezo ya mgonjwa mwenyewe, kabla ya mkono kugusa tumbo na kabla ya damu kupelekwa maabara. Kila mkufunzi hulikariri jambo hili. Ni nadra, hata hivyo, kusikia likifuatwa na swali ambalo lingepaswa kulifuata: maelezo hayo hutolewa kwa lugha gani, na ni nani aliyemfunza mwanafunzi kuyasikiliza kwa lugha hiyo?

Swali hili lina uzito wa pekee katika miji inayouzunguka Mlima Kenya. Chukua mfano wa mtaa wa Ruring'u mjini Nyeri, unaofahamika na wengi kwa uwanja wake wa michezo, ambako wapiganaji wa Mau Mau waliotoka msituni walikusanyika kusalimisha silaha zao Desemba 1963. Mtoto wa eneo hili aliyekuwa na umri wa miaka 7 hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, na ambaye shule yake ya kujitegemea ilifungwa katika kipindi hicho, sasa amekwisha kupita au kufikia umri wa miaka 80. Kiingereza hakukipata, Kiswahili alikiokota sokoni na kazini, na lugha anayoiwazia ni Gikuyu. Huyo ndiye anayeketi leo kwenye benchi la kliniki ya kisukari au ya shinikizo la damu. Anayemhoji ni kijana kutoka Kisii, Kitui au Mombasa, kwa kuwa Chuo cha Mafunzo ya Utabibu, chenye tawi lake Nyeri, huwachukua wanafunzi kutoka kote nchini, na Wizara ya Afya huwatawanya madaktari wanagenzi bila kujali walinyonya lugha gani. Kijana huyo amefunzwa kila kitu kwa Kiingereza. Wanapokutana, daraja lililopo baina yao ni Kiswahili, nacho hakuna mmoja wao aliyekifunzwa kwa ajili ya shughuli hiyo.

Matatizo huanza na maneno madogo. Mama wa Nyeri anaposema ana homa, mara nyingi anakusudia mafua, ilhali mwanafunzi aliyelelewa pwani huandika kwamba mgonjwa ana joto jingi mwilini na kuanza kuwaza malaria. "Nina presha" huweza kuwa maradhi yaliyokwisha kuthibitishwa kwa kipimo, na huweza kuwa wasiwasi wa karo ya shule. Mgonjwa akiambiwa kwamba kipimo chake ni chanya, hapana ajabu akashukuru, kwani chanya si jambo jema? Hakuna kosa la elimu ya mwili wa binadamu hapa. Mwanafunzi angeulizwa kwa Kiingereza kazi ya kila kiungo angejibu bila kusita.

Ni bayana kwamba Kenya haina uhaba wa watafiti wenye uwezo wa kuchunguza namna wahudumu wa afya wanavyofunzwa. Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, Nairobi, ambapo wahudumu waligawanywa kwa bahati nasibu: baadhi wakafunzwa mapema, kwa siku moja tu, namna ya kumsaidia mtoto mchanga aliyeshindwa kupumua, na wengine wakasubiri zamu yao. Waliofunzwa walizifuata ipasavyo hatua za mwanzo katika asilimia 66 ya visa, ilhali wale waliokuwa wakisubiri walifanya hivyo katika asilimia 27. Vitendo vya hatari pia vilipungua. Idadi ya vifo haikuonyesha tofauti, na ni sifa ya watafiti hao kwamba walilisema hilo waziwazi. Mwaka 2011 ukafuata utafiti mwingine katika hospitali nane za wilaya, kuhusu matibabu ya watoto wanaolazwa. Zote zilipewa miongozo na mafunzo mafupi au marefu, lakini nne kati yake zilipata zaidi: mafunzo ya vitendo, usimamizi wa mara kwa mara, marejesho ya ana kwa ana, na mtu wa papo hapo hospitalini wa kuwahimiza wenzake. Baada ya miezi 18, hospitali hizo nne ziliboresha huduma kuliko zile zilizopewa mhadhara na ripoti ya maandishi.

Tafiti hizi zinastahili kusomwa hata na wanafunzi wa lugha, maana zinathibitisha kwamba mafunzo ni kitu kinachoweza kupimwa kama dawa inavyopimwa, na kwamba mhadhara peke yake ni dawa dhaifu. Lakini kinachopimwa zaidi ndani yake ni kile ambacho mikono ya mhudumu inafanya na kile anachokiandika kwenye faili. Kile anachokisema, na kile ambacho mgonjwa au mzazi anakisikia, hakikupewa uzito kama huo.

Pengine itadaiwa kwamba mazungumzo ni kipawa, mtu huzaliwa nacho au hana. Dai hilo lilikwisha kujibiwa zamani. Mwaka 1978 Peter Maguire na wenzake wa Manchester, Uingereza, walionyesha kwamba wanafunzi wa udaktari waliorekodiwa wakiwahoji wagonjwa, kisha wakaonyeshwa makosa yao, walikusanya habari muhimu kuliko wenzao waliojifunza kwa kuwatazama wakubwa wao tu. Miaka mitano hivi baadaye, wakiwa madaktari kamili, waliorejeshewa makosa yao bado waliwapita wenzao. Kwa hiyo kuhoji hufunzwa, na kilichofunzwa hudumu. Lakini Maguire alikuwa na bahati moja ambayo mkufunzi wa Nyeri hana: mwanafunzi na mgonjwa wake walizungumza lugha ile ile waliyofunzwa nayo.

Vyuo vya humu nchini navyo havikulala. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kufunza udaktari mwaka 1967 kilifuata mkondo wa Kiingereza uliojulikana wakati huo, lakini Chuo Kikuu cha Moi, kilichowapokea wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari Eldoret mwaka 1990, kilichagua njia nyingine. Wanafunzi wake walifunzwa kwa kuanzia na tatizo la mgonjwa badala ya kuanzia na mhadhara, nao wakapelekwa vijijini kuishi na kufanya kazi kwenye vituo vya afya. Makerere, yenye historia ya kufunza udaktari tangu 1924, iliigeukia njia ya matatizo mwaka 2003. Haya yalikuwa mageuzi makubwa, na bado yanastahili sifa. Hata hivyo, kumpeleka mwanafunzi kijijini ni jambo moja, na kumpa lugha ya kijijini ni jambo jingine. Somo la mawasiliano linapofunzwa, kwa kawaida hufunzwa kwa Kiingereza na kutahiniwa kwa Kiingereza, na "mgonjwa" wa mtihani ni mtu anayejibu kwa Kiingereza fasaha. Mgonjwa wa aina hiyo atapatikana Ruring'u, lakini si yeye anayehitaji kusaidiwa.

Kuna pingamizi ambalo wapenzi wa Kiswahili hawana budi kulikubali. Shosho aliyeelezwa hapo juu hatatibiwa vyema kwa Kiswahili sanifu. Lugha yake ni Gikuyu, na haki yake ni kusikilizwa kwa lugha hiyo. Ndiyo maana wodini huitwa msafishaji, mlinzi au mjukuu aje kutafsiri. Mjukuu wa kiume wa miaka 14 anamtafsiria nyanya yake swali kuhusu kutokwa na damu ukeni! Mficha maradhi kifo humuumbua, wasema wahenga. Lakini huyu hafichi, amefichishwa. Kiswahili hakiwezi kuchukua nafasi ya mkalimani aliyefunzwa kazi hiyo. Kinachoweza kufanya ni kuwafaa wale wengi walio katikati, wanaokimudu Kiswahili kuliko Kiingereza, na kumpa kijana wa Kitui mahali pa kusimama akiwa Nyeri mwaka huu na Lodwar mwaka ujao.

Pingamizi la pili, kwamba Kiswahili hakina istilahi, limechakaa. Kamusi ya Tiba ilichapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam mwaka 2003. Walakini hapa lawama inawarudia wanafunzi na walimu wa Kiswahili wenyewe. Wameunda maneno, wakaridhika. Mwambie mzee wa Ruring'u kwamba kongosho lake limeshindwa kutengeneza insulini, naye atatoka kliniki akiwa gizani vile vile kama angeambiwa kwa Kiingereza. Neno kongosho ni zuri na ni la Kiswahili, ila si neno lake. Anachohitaji ni maelezo: kwamba sukari imebaki kwenye damu kwa sababu kile kinachoifungulia mlango wa kuingia mwilini kimepungua, kwamba dawa inasaidia kufungua, na kwamba akiiacha siku anapojisikia nafuu sukari itarudi kupanda kimyakimya. Kuyatunga maelezo ya namna hii, kuyajaribu kwa wasikilizaji halisi na kuyasahihisha ni kazi ya kiisimu kama ilivyo uchambuzi wa riwaya.

Nyeri ingefaa kuwa mahali pa kuanzia. Serikali ilipozindua majaribio ya huduma ya afya kwa wote Desemba 2018, Nyeri ilikuwa miongoni mwa kaunti nne zilizoteuliwa, nayo ilichaguliwa kwa sababu ya mzigo wake wa maradhi yasiyoambukiza, kisukari na shinikizo la damu yakiwa mbele. Maradhi haya hayaponywi kwa sindano moja. Mgonjwa ndiye anayejitibu nyumbani kila siku, kwa kadiri alivyoelewa.

Mtihani wa vituo, uliobuniwa na Ronald Harden huko Dundee na kuchapishwa mwaka 1975, ambao mwanafunzi huhama kutoka meza moja hadi nyingine akipimwa stadi moja moja, tayari unatumika katika vyuo vya tiba. Kuongeza kituo kimoja cha Kiswahili hakuhitaji jengo jipya. Chuo Kikuu cha Cape Town kiliingiza Kixhosa na Kiafrikana katika mtaala wake wa udaktari na kuwatahini wanafunzi kwa lugha hizo, wala madaktari wake hawakuonekana duni. Utafiti wenyewe nao ungefuata nyayo za Pumwani: wanafunzi wa mwaka mmoja wagawanywe kwa bahati nasibu, nusu wafunzwe kwanza kuhoji na kueleza kwa Kiswahili huku wakirekodiwa kwa idhini ya wagonjwa, nusu wasubiri. Kisha kila mgonjwa anapotoka aombwe aeleze kwa maneno yake mwenyewe anaugua nini, atameza dawa zipi, lini, na afanye nini zikiisha. Majibu ya wale wa kundi la kwanza yalinganishwe na ya wale wa kundi la pili. Atakayeyasikiliza na kuyapima majibu hayo sharti akijue Kiswahili cha mitaani cha Nyeri na Karatina pamoja na kile cha vitabuni, na watu wa namna hiyo wamo katika idara za Kiswahili, hawajaombwa tu kufika kliniki.