Nani Anasema "Mimi"? Wasomaji na Ushuhuda wa Rigoberta Menchú

Ni vitabu vichache vya manusura wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyowagawa wasomaji kama simulizi ya maisha ya Rigoberta Menchú, Mmaya wa jamii ya K'iche' nchini Guatemala. Kitabu hicho kilichapishwa kwa Kihispania mwaka 1983, na upesi kikaingia katika mitaala ya vyuo vikuu, hususan nchini Marekani. Mwaka 1992 Menchú alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Kisha, mwaka 1999, mwanaanthropolojia David Stoll alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba baadhi ya matukio hayakutokea kama yalivyosimuliwa.

Mfano uliotajwa zaidi ni wa kifo cha ndugu yake. Menchú anasimulia kwamba askari walimchoma moto angali hai katika mji wa Chajul, huku familia ikitazama. Stoll alibaini kwamba ndugu huyo aliuawa na jeshi kweli, lakini si kwa namna hiyo, na jamaa zake hawakuwapo. Aidha, Menchú, aliyejieleza kuwa hakusoma shule, alikuwa amepata elimu kwa watawa wa Kikatoliki.

Wasomaji waligawanyika makundi mawili. Wa kwanza walidai kwamba kitabu kizima ni uongo, na wengine wakataka tuzo ifutwe. Wa pili waliona kwamba kuhoji maneno ya manusura ni kumshambulia upya. Makala haya yanashikilia kwamba makundi yote mawili yalikosea, na kwamba chanzo cha kosa lao ni kimoja: hayakuuliza ni nani hasa anayesema "mimi" katika kitabu hicho.

Kosa la kundi la kwanza ni kuhama kutoka katika tukio moja hadi katika vita vizima. Tume ya ukweli iliyoungwa mkono na Umoja wa Mataifa ilikadiria, mwaka 1999, kwamba zaidi ya watu 200,000 waliuawa au walitoweka katika vita vya Guatemala vya miaka ya 1960 hadi 1996. Katika wahanga waliotambuliwa, asilimia 83 walikuwa Wamaya. Na asilimia 93 ya maovu yaliyoorodheshwa yalitendwa na vyombo vya dola na wanamgambo wake. Baba yake Menchú alikufa katika moto ulioteketeza ubalozi wa Hispania tarehe 31 Januari 1980. Mama yake alitekwa na kuuawa mwaka huohuo. Hakuna sahihisho linaloyafuta haya.

Kosa la kundi la pili si dogo. Kumwambia manusura kwamba maneno yake hayapaswi kupimwa ni kumheshimu kwa namna inayomdunisha, kwani anayesamehewa wajibu wa ukweli amekwisha kunyimwa nafasi ya kuaminiwa. Isitoshe, msimamo huo huwapa wakanushaji silaha: kosa likigunduliwa baadaye, huanguka pamoja na yale yote yaliyokuwa kweli.

Kiisimu, suala hili ni la nafsi. Menchú alisimulia maisha yake mjini Paris mwaka 1982, kwa Kihispania. Elisabeth Burgos alimrekodi, akayapanga upya masimulizi, na akayaondoa maswali aliyokuwa ameyauliza. Kwa hiyo mazungumzo ya watu wawili yakageuka usemi wa mtu mmoja. Nafsi ya kwanza umoja anayokutana nayo msomaji imetengenezwa kwa mikono miwili. Zaidi ya hayo, msimulizi anatangaza tangu mwanzo kwamba maisha yake ni ya watu wake wote. Mara nyingi, basi, kiambishi "ni-" kinabeba mzigo wa "tu-". Menchú mwenyewe alikiri baadaye kwamba baadhi ya aliyoyasimulia aliyapokea kwa wengine. Kosa halikuwa kuyapokea, bali kutoyatenganisha "niliona" na "nilisimuliwa".

Kiswahili kinatoa mwanga fulani hapa. Neno "shahidi" humtaja anayetoa ushahidi mbele ya hakimu, na pia aliyekufa kwa ajili ya imani au haki. Wasomaji wa kundi la kwanza walimtaka shahidi wa mahakamani. Wa pili walimwona shahidi wa maana ya pili, asiyehojiwa kwa kuwa amekwisha kutoa uhai. Manusura si huyu wala yule. Yu hai, hivyo anaweza kuulizwa; lakini anawasemea waliokufa, hivyo hawezi kuwa ameyaona yote anayopaswa kuyasema.

Jambo hili linawahusu pia wataalamu wa Afrika Mashariki na Kati. Shuhuda za vita vya Burundi na Kongo, na za mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, zinakusanywa na kufasiriwa, nyingine kwa Kiswahili. Mkusanyaji ayaache maswali yake katika matini. Mfasiri asigeuze "tuliambiwa" kuwa "tuliona" ili simulizi ichome zaidi. Na mwalimu awafundishe wanafunzi kuhoji bila kukana. Ushuhuda uliohifadhiwa hivyo huenda ukapunguza machozi ya msomaji, lakini utasimama imara siku atakapokuja mwenye kuukanusha.