Mfungwa Aliyemtuliza Askari

Neno la leo litauma mahali, lakini soma hadi mwisho.

Fungua Matendo ya Mitume sura ya 16. Sisi Wapentekoste tunaipenda sana sura hii. Tunahubiri tetemeko, milango kufunguka na minyororo kuanguka, watu wanapiga vigelegele, kisha tunakimbilia ubatizo. Lakini kuna jambo hapo katikati tunaloliruka kila mara.

Askari wa gereza anaamka usiku. Anaona milango iko wazi, anadhani wafungwa wametoroka, na anachomoa upanga ili ajiue. Ni mtu mwenye silaha, gizani, aliyepoteza tumaini lote kwa dakika moja. Paulo anafanya nini? Hamrukii. Hamtishi. Hamwiti mwoga. Anapaza sauti kutoka pale pale alipo, anamsihi asijidhuru, na kumpa habari moja tu aliyoihitaji: kwamba wote bado wako ndani. Mtu hakufa. Usiku huo huo mikono ile iliyoshika upanga ikawa inawaosha Paulo na Sila majeraha.

Sasa njoo Kenya. Leo mwenye kisu ni kijana mgonjwa wa akili, na anayefika mlangoni ni afisa wa polisi mwenye bunduki. Nauliza bila kuogopa: ni nani amemfundisha afisa huyo kufanya alichofanya Paulo?

Kila mtaa unajua hali hii. Kijana ameacha dawa. Hajalala siku tatu, anasikia sauti, amejifungia chumbani na kisu cha jikoni. Mama amesimama nje na simu mkononi, na anaogopa kuipiga. Anaogopa kwamba yule atakayemwita aje kumwokoa mtoto ndiye atakayempiga au kumuua. Mama akiogopa msaada kuliko anavyoogopa ugonjwa, taifa limekosea, na kanisa likinyamaza limekosea pia.

Wengine mtaniambia, "Pasta, polisi si daktari." Ni kweli. Lakini sheria imemweka hapo. Sheria yetu ya Afya ya Akili ya 1989 ilimpa polisi mamlaka ya kumchukua mtu anayedhaniwa ni mgonjwa wa akili na aliye hatari kwake mwenyewe au kwa wengine, na ikaagiza afikishwe hospitali ndani ya saa 24. Iliagiza hospitali, si seli. Na Sheria ya Huduma ya Polisi ya 2011 inasema afisa aanze kwa njia zisizo za nguvu, na nguvu zifuate tu pale njia hizo zinaposhindwa. Katiba yenyewe, kifungu cha 244, inataka polisi wafunzwe kwa viwango vya juu na waheshimu utu wa binadamu. Kwa hiyo siombi hisani. Naomba tutii tulichoandika wenyewe.

Utamwambiaje mtu aanze kwa maneno kama hujamfundisha maneno?

Jambo hili linafundishika. Mwaka 1987 huko Memphis, Marekani, polisi walimpiga risasi na kumuua kijana mgonjwa wa akili aliyekuwa na kisu, na aliyekuwa ameomba msaada ni mama yake. Mji ulilia, lakini haukuishia kulia. Mwaka 1988 polisi, madaktari na familia za wagonjwa waliketi pamoja wakaanzisha mafunzo maalum ya saa 40. Maafisa waliojitolea walifundishwa kuutambua ugonjwa na kuituliza hali, na hospitali ikakubali kumpokea mgonjwa wanayemleta. Miji mingi imeiga mpango huo.

Saa 40 ni wiki moja ya kazi. Wiki moja! Afisa anafundishwa gwaride kwa muda mrefu kuliko huo.

Na kinachofundishwa si uchawi. Zima king'ora. Punguza watu, maana umati unamwongezea hofu. Mtu mmoja ndiye azungumze, si watano wakipiga kelele. Simama mbali kidogo ili uwe na nafasi na yeye awe na nafasi. Sema kwa sauti ya chini. Muulize jina lake. Usibishane naye kuhusu sauti anazosikia, na usimdanganye. Usiwe na haraka, kwa sababu muda ukipita hasira nyingi hupoa zenyewe.

Kuna anayesema, "Lakini panga ni panga, afisa naye ana watoto." Amina, anao. Ndiyo maana nataka afundishwe. Anayejua kukaa mbali na kuvuta muda huenda nyumbani salama kuliko anayevunja mlango na kuingia. Na ikifika mahali ambapo maisha ya mtu yako hatarini sasa hivi, sheria haikumfunga mikono. Ninachokataa ni bunduki kuwa lugha ya kwanza kwa sababu hakuna lugha nyingine iliyofundishwa.

Sasa nigeukie nyumba ya Mungu. Tusiwanyoshee polisi kidole huku mikono yetu ina minyororo. Kuna wahudumu wanaofunga wagonjwa kamba, wanawanyima chakula na kuwaambia watupe dawa, eti ni imani. Soma Marko 5. Minyororo ilikuwa ya wanakijiji, na haikumponya mtu. Yesu alimuuliza jina. Nami naamini maombezi, naamini Mungu anaponya, na bado nakwambia: mwombee mtoto wako na umpeleke kliniki. Mungu hagombani na dawa.

Na ninyi washirika wangu mnaovaa sare, sijawasahau. Kumbukeni kwamba katika Matendo 16 aliyetaka kujiua alikuwa mlinzi mwenyewe. Mnaona maiti, mnalala vibaya, mnaambiwa mwanaume halii. Mafunzo haya yatawasaidia pia kumtambua mwenzenu anayezama. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 226, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Basi anayetaka kufa si mshukiwa tena. Ni mtu wa kuokolewa, awe raia au afisa.

Kwa hiyo hivi ndivyo tutakavyofanya. Wakuu wa polisi, yafanyeni mafunzo haya kuwa ya lazima kule Kiganjo na kwa maafisa walio vituoni tayari. Serikali za kaunti, hakikisheni afisa akimleta mgonjwa usiku, kuna mlango wa hospitali utakaofunguka. Washirika, muulizeni OCS wa eneo lenu kwa heshima: nani hapa amefunzwa? Mwulizeni mbunge wenu pia, kabla hajaomba kusalimia kanisa.

Na wewe mama mwenye simu mkononi, usibebe peke yako. Tuambie mapema, kabla ya kisu.

Bwana, wape wanaobeba bunduki ulimi wa kutuliza. Waponye wana wetu. Lifundishe kanisa lako kuuliza jina kabla ya kukemea. Katika jina la Yesu.

Kama una afisa wa polisi katika familia yako, mtumie ujumbe huu leo. Amina.